Mtu Akimeza Sumu, Usimtapishe

Watu wengi, mtu akimeza sumu, hukimbilia kumtia vidole kooni au kumnywesha maziwa. Yaache yote mawili. Tindikali na dawa za kuzibulia mabomba huunguza koo zikishuka, na zikipanda huliunguza tena. Mafuta ya taa hatari yake kubwa iko mapafuni: yakirudi juu na mgonjwa akapaliwa, kiasi kidogo tu kinatosha kuleta nimonia kali. Maziwa mengi hujaza tumbo na kuleta matapishi hayohayo unayoyakwepa. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao haufanyi kazi ya ule wa hospitalini, uliotengenezwa maalumu kunasa sumu tumboni.

Anza na pumzi. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kiubavu, mdomo uelekee chini ili matapishi yasimpalie. Asipopumua, kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa mtu mzima kibonyee sentimita 5 hivi. Kama mdomoni kuna sumu, usimpulizie. Mwenzako apige simu ya dharura wakati huohuo.

Sumu ikimwagikia ngozi, hasa dawa ya kuua wadudu, vaa glavu, mvue nguo zote, kisha mwoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Nguo ikibaki mwilini, sumu inaendelea kupenya. Jicho lioshwe kwa maji matupu muda uleule, yakitoka upande wa pua kwenda nje, yasichafue jicho la pili. Mate na jasho jingi, mboni zilizosinyaa na pumzi ya kukoroma ni dalili za sumu ya dawa za wadudu, usingoje zizidi.

Nenda hospitali na chombo chenyewe, hata kama ni pakiti tupu. Daktari atauliza nini, kiasi gani na saa ngapi. Kama amekunywa kwa makusudi, usimgombeze, maana atakuficha kiasi.

Parasetamoli ndiyo inayohadaa kuliko zote. Aliyezidisha vidonge anaweza kushinda siku nzima akiongea vizuri huku ini likiharibika. Dawa ya kuizima hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya kupita saa 8 tangu avimeze, kwa hiyo mpeleke angali mzima, hata akikataa kwamba anaumwa.