Somo: Sabuni ya Mafuta ya Mashudu ya Zeituni na Unga wa Kokwa

Zeituni zikishakamuliwa, sehemu kubwa ya polifenoli zake (kemikali za asili za mimea) haibaki kwenye mafuta, bali huenda na maji machafu na mashudu, kwa kuwa kemikali hizo huyeyuka zaidi katika maji. Viwanda vya vipodozi huzichuja humo, hasa ile iitwayo haidroksitairosoli. Fundi wa nyumbani hutumia mafuta ya mashudu yaliyosafishwa na kokwa zilizosagwa.

Kwanza, pima kwa mizani mafuta gramu 500, kostiki soda (kemikali kali ya kutengenezea sabuni) gramu 63 na maji gramu 130. Usikadirie kwa kikombe, kwani soda ikizidi sabuni itachubua ngozi.

Pili, vaa glavu na miwani, kisha mimina soda ndani ya maji kidogo kidogo mahali penye hewa ya kutosha. Kamwe usimimine maji juu ya soda, kwani yatachemka ghafla na kukurukia. Tumia chombo cha plastiki ngumu au cha chuma cha pua; sufuria ya alumini huliwa na soda na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto.

Tatu, vyote vikipoa hadi nyuzi 40 hivi, changanya na ukoroge mpaka viwe vizito kama uji mwepesi. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kokwa uliochekechwa. Ukiusugua kati ya vidole usisikie ncha zinazochoma.

Mimina kwenye kalibu, kata baada ya siku moja au mbili, kisha anika kivulini kwa wiki 4 hadi 6.

Swali: Mwalimu, je, sabuni hii inatibu ukurutu?

Jibu: Hapana. Soda huharibu sehemu kubwa ya polifenoli, kwa hiyo faida iliyobaki ni kusafisha na kusugua. Mwenye ukurutu au chunusi asitumie yenye kokwa, wala wewe usiitumie usoni.

Swali: Naomba kujua kama naweza kunawa kwa maji machafu ya kiwandani, maana ndiyo yenye polifenoli nyingi.

Jibu: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Maji hayo yana tindikali na huchacha upesi. Polifenoli zake hufaa zikishachujwa na kupimwa.

Swali: Na chai ya majani ya mzeituni?

Jibu: Majani yana oleuropeini, aina ya polifenoli, ambayo huweza kushusha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za presha au kisukari amwone daktari kwanza.