Kuomba shahada ya saikolojia Tanzania: anza na jina la kozi

Kabla hujafungua mfumo wa chuo chochote, pakua Mwongozo wa Udahili wa mwaka husika kwenye tovuti ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kuna wa kidato cha sita na wa wenye stashahada, usichanganye.

Humo soma jina la kozi mpaka mwisho. Shahada ya Sanaa katika Saikolojia, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, siyo Shahada ya Elimu katika Saikolojia. Hiyo ya pili ina ualimu ndani yake. Wengi hugundua wakiwa tayari darasani. Na hakuna kati ya hizo inayokufanya daktari wa magonjwa ya akili: huyo huanzia kwenye udaktari.

Sasa piga hesabu. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini kwa kidato cha sita ni prinsipo mbili (masomo uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. D mbili zinatosha. D na E hazitoshi. S, yaani ufaulu wa chini ya E, siyo prinsipo, na GS (General Studies) usiihesabu. Kisha angalia masomo ambayo kozi yenyewe inayataka, maana pointi unaweza kuwa nazo na somo ukalikosa. Mwenye stashahada aombe mapema namba ya AVN, ya kuthibitisha stashahada yake, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.

Tangu 2017/18 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Unafungua akaunti kwa namba yako ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka uliofanya, unalipia, unachagua kozi, unatuma.

Namba ya simu iwe yako. Mdogo wangu aliombewa steshenari, kijana wa pale akajaza namba yake mwenyewe. Dogo akachaguliwa vyuo viwili, ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha ukaingia kwenye simu ya yule kijana, naye yuko msibani Morogoro. Tulimpata siku ya mwisho, jioni. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni maombi mengine kabisa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania Bara, au ZCSRA, wakala wa Zanzibar, kwa aliyezaliwa huko, na usisubiri majibu ya chuo ndipo uanze.