Kupima kama ekipe ya hospitali inashirikiana kweli, sio ya kwenye karatasi tu

Mimi ni infirmie hapa Bukavu, nafuatiliaga mambo ya kalite hospitalini, na mara ya kwanza kupima hii kitu nilijiaibisha. Nilichapisha maswali, nikayagawa kwenye staf ya asubuhi, infirmie mkuu akapita akikusanya, na karibu wote wakaweka tano, tano, tano. Wiki ileile dokta mmoja na mkunga walikuwa hawasalimiani! Nikamfuata mama mmoja mkunga wa siku nyingi, nikamwambia mama, mbona hivi? Akacheka. "Mwanangu, shefu njo anakusanya karatasi, sasa ulitaka tuandike nini?"

Basi hivi ndivyo nafanya siku hizi.

Hatua ya 1: chukua maswali yenye yameshajaribiwa, usitunge yako. Yapo mengi. Wamarekani wa TeamSTEPPS (mafunzo ya ushirikiano hospitalini) wana fomu ya maswali 35, kuna AITCS ya kupima ekipe yenye watu wa kazi tofauti, maswali 37 (na ile fupi ya 23), kuna ya Jefferson ya maswali 15 kuhusu dokta na infirmie peke yao. Mimi nachukua SAQ, fomu inayouliza wafanyakazi wanaonaje usalama wa wagonjwa pale wanapofanya kazi, tena sehemu moja tu, ile ya ushirikiano, maswali 6, juu mtu ametoka gardi ya usiku huwezi kumpa maswali 35 akujibu kwa akili timamu. Majibu ni kuanzia 1 (sikubali kabisa) mpaka 5 (nakubali kabisa).

Hatua ya 2: tafsiri, na hapa usikimbie. Mmoja anatafsiri kutoka Kifaransa kuleta Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ile ya mwanzo anairudisha kwa Kifaransa, halafu mnalinganisha. Bado haitoshi, keti na watu watatu wanne wa kazi tofauti, wasomee swali, uwaulize "hapa umesikia nini?" Kuna swali moja linauliza kama ni vigumu mtu kusema akiona kitu hakiendi sawa kwa mgonjwa, sisi tuliandika "kupaza sauti", na watu wakaelewa kugombana! Mmoja akajibu kabisa hapana, sisi huku hatugombaniagi. Tukabadilisha ikawa "kumwambia mwenzako".

Hatua ya 3: ficha watu vizuri. Hakuna jina, hakuna kuandika maneno, msalaba tu, sababu kwenye hospitali ndogo kila mtu anajua mwandiko wa mwenzake kutoka kwenye fishi za wagonjwa. Bic ziwe rangi moja. Weka karto yenye tundu pembeni, sio kwenye biro ya shefu. Karatasi ni bora kuliko simu, mega zinaisha na umeme unakatika. Kwa kazi yake (dokta, infirmie, mkunga, labo...) mtu aweke msalaba tu, lakini angalia, kama mtu wa dawa ya usingizi kwenye bloku ya upasuaji ni mmoja, ukiandika kazi yake umeandika jina lake. Kikundi chochote chenye watu chini ya watano nakiunganisha na kingine. Na usipime wiki ambayo primi (ile pesa ya nyongeza) imechelewa, utapima hasira ya primi.

Hatua ya 4: hesabu. Lile swali la "ni vigumu kumwambia mwenzako" limegeuzwa, kwa hiyo unachukua 6, unaondoa jibu lake: aliyeweka 2 anakuwa 4. Ukisahau hapo kila kitu kinaharibika. Kisha chukua wastani wa maswali sita, toa 1, zidisha kwa 25, unapata alama juu ya 100. Mfano tu: infirmie ameweka (baada ya kugeuza) 4, 2, 3, 3, 4, 2, jumla 18, wastani 3, toa 1 ni 2, mara 25 ni 50. Dokta wa servisi ileile ana 5, 4, 5, 4, 4, 5, wastani 4.5, anapata 87.5. Kuanzia 75 njo inahesabiwa kuwa mtu ameridhika.

Sasa tafadhali usichanganye hao wawili ukasema "servisi ina 69"! Hiyo 69 haiko kwa mtu yeyote. Kitu cha kutafuta ni lile shimo katikati yao, na sio Bukavu tu, kuna utafiti wa Marekani wa 2003 kwenye servisi za wagonjwa mahututi, madokta 73 kwa 100 walisema ushirikiano na mainfirmie ni mzuri au mzuri sana, mainfirmie wakasema hivyo 33 kwa 100 tu. Watu wanafanya kazi kwenye chumba kimoja!

Hatua ya 5: nenda uangalie kwa macho. Mdomo unasema moja, mikono nyingine. Siku moja kwenye maternite, mtoto ametoka, dokta akasema "oksitosini" (dawa ya kuzuia mama kutoka damu nyingi) akiwa ameinama, hakutaja mtu, hakuna aliyeitika, nikaona mainfirmie wawili kila mmoja anavuta dawa kwenye sirenji yake. Tangu hapo nahesabu vitu vitatu kwa kila agizo: limetajiwa mtu? Mtu amelirudia kwa mdomo? Amesema "tayari" alipomaliza? Mistari mitatu kwenye daftari, basi. Muwe wawili wa kuangalia, bila kuchunguliana daftari, mkipatana kwenye maagizo 24 kati ya 30 hiyo ni 80 kwa 100, mnaweza kuendelea. Na zile siku za kwanza zitupe, watu wakijua wanaangaliwa wanakuwa malaika. Kwa kazi ya kufufua mgonjwa (moyo au pumzi imesimama) kuna fomu yake inaitwa TEAM, vipengele 11, kila kimoja 0 mpaka 4.

Hatua ya 6: rudisha matokeo kwa wote, siku moja, karatasi moja ukutani. Dokta mkubwa aliziangalia zile alama muda mrefu, halafu akanivuta pembeni akauliza, "hii ya chini kabisa ni ya nani?" Nikamwambia dokta, zile karatasi zimeshachomwa. Na kweli nilikuwa nimezichoma jana yake.