Dawa ya mwarubaini piga jioni, si asubuhi
Wenye sukuma na mchicha nyuma ya nyumba huku Kisauni na Likoni, nimejua juzi tu kwa nini dawa yangu ya mwarubaini ya wadudu wa mboga ilikuwa haishiki, nilikuwa napiga saa nne asubuhi na jua kali lamaliza nguvu yake upesi mno, basi piga jioni magharibi ikikaribia ipate usiku mzima kufanya kazi. Na tumia kokwa, majani pia yafaa lakini kokwa ndio zenye nguvu hasa. Zikaushe kivulini, twanga kwa kinu, loweka gramu 50 kwa lita 1 ya maji baridi (usichemshe!) tangu usiku, kesho yake jioni chuja kwa leso kuukuu halafu tia sabuni kidogo tu, maana jani la sukuma lina nta na maji yateleza yaanguka. Geuza jani upige chini, vidukari utawaona wamejazana kandokando ya mshipa.
Usitarajie wafe papo hapo, hii yawakata hamu ya kula na wale wachanga hawakui, kwa hivyo ngoja siku kadhaa na urudie kila wiki, mvua ikinyesha rudia tena. Ila funza akishaingia ndani ya bamia au biringani haimfikii kabisa, hiyo chuma ukaizike mbali. Tengeneza ya kutosha siku moja, ikilala sana yapoteza nguvu.