Ukitafuta mkutano wa kuacha pombe, tafuta kwa saa, si kwa mji

Dondoo kwa walio Mtwara, Lindi, Newala, Kilwa na huko ndani: ukiandika jina la mji wako kwenye orodha ya mikutano ya Alcoholics Anonymous (AA), yaani ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, usipopata kitu, usikate tamaa. Nenda sehemu ya mikutano ya mtandaoni, chagua siku na saa unayopata faragha. Inafanya kazi kwa sababu mikutano hiyo haina mkoa, hailipiwi, unaingia kwa jina moja tu, na mara nyingi kamera unaweza kuizima. Kwa mji ambao kila mtu anamjua shemeji yako, hilo si dogo.

Angalia saa. Ikiandikwa 17:00 UTC (saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu), kwetu ni saa 2 usiku. Mkutano wa wazi unamkaribisha hata mke, mume au ndugu. Uliofungwa ni wa anayetaka kuacha mwenyewe.

Inapokwama: mikutano mingi ni ya Kiingereza, na bando likiisha katikati ndiyo basi. Hapo muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), kuhusu msaada wa karibu. Na mnywaji wa kila siku, awe wa gongo au uraka wa msimu wa mabibo, akiacha ghafla akaanza kutetemeka sana, kuweweseka au degedege, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Mkutano utasubiri.