Kupima kama jeraha la ubongo ni la kweli au mtu anajifanya

Hapa Kampala wengi wanaoletwa kwangu na mawakili ni waendesha boda na abiria wao walioumia kichwa, na fidia inasubiri ripoti yangu. Nafanya hivi.

1. Soma faili kwanza. Tafuta alama za Glasgow, yaani kipimo cha fahamu, za siku ya ajali (15 ni mtu yuko macho kabisa, 3 ni hali mbaya zaidi), muda aliozimia na picha za CT za kichwa. Mtikisiko mdogo wa ubongo kwa kawaida hupoa ndani ya wiki au miezi michache. Aliyeumia kidogo halafu baada ya miaka miwili hajui jina la mama yake, hilo halilingani.

2. Chagua lugha. Usiruke hapa, tafadhali. Niliwahi kumpima mzee wa Gulu kwa Kiingereza, akafeli karibu kila kitu. Tuliporudia kwa Kiswahili alichozoea jeshini, alama zikapanda, nami nikaona aibu ya kumshuku. Uliza pia ameishia darasa gani: jaribio la Rey, la kukumbuka herufi, namba na maumbo 15, huwaangusha wasiosoma ambao hawadanganyi.

3. Mpe jaribio la kuchagua moja kati ya mawili. Mimi natumia TOMM, jaribio la kumbukumbu lenye duru mbili. Anaonyeshwa picha 50, kisha kila picha inarudi pamoja na ngeni, naye anaonyesha aliyoiona. Linaonekana gumu, lakini hata wenye majeraha halisi wengi hupata 45 au zaidi kwenye duru ya pili. Chini ya hapo, anza kuuliza maswali. Mtu aliyefumba macho angepata kama 25 kwa kubahatisha. Nafasi ya kupata 17 au pungufu haifiki 2 kwa 100. Anayeshuka hivyo, karibu hakika analijua jibu na analikwepa. Picha zenyewe usimwonyeshe wakili wala ndugu.

4. Usihukumu kwa jaribio moja. Ongeza la pili, la aina nyingine. Chunguza sonona, maumivu, usingizi, dawa za kifafa. Kisha linganisha na maisha yake: amekuja peke yake kwa taksi mbili, akahesabu chenji sawasawa?

5. Andika ulichopima. Usiandike "mwongo". Mtu anaweza kuongeza chumvi juu ya jeraha alilonalo kweli. Mimi huandika: "Alama hizi haziakisi uwezo wake halisi, naomba apimwe upya kwa lugha yake kabla ya uamuzi."