Nusu ya ofisi ina neti, nusu haina: jinsi ya kuisaka ruta inayogawa anwani bila ruhusa

Wadau, leo tunashika tatizo moja tu, maana nimelikuta ofisi nyingi na kila mara watu wanahangaika nalo siku nzima.

Ofisi moja ya mizigo Dar, ghorofa tatu, kompyuta kama 30. Asubuhi nusu wanafanya kazi kama kawaida, nusu hawapati intaneti wala printa. Kila aliyekwama aliambiwa zima, washa. Mmoja anapona, wawili wanaugua. Kufika mchana hata waliokuwa salama wamepotea. Nilipoitwa, kebo tatu zilishabadilishwa na ruta kuu ilishanunuliwa mpya. Pesa imetoka, tatizo liko palepale.

Kompyuta ikiwashwa huuliza mtandao mzima: nani wa kunipa anwani? Seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani, ambayo ofisi nyingi imo ndani ya ruta kuu, inaijibu kwa kuipa anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao), anwani ya ruta ya kutokea nje, na ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Kompyuta haina njia ya kujua nani ana haki ya kugawa. Kwa kawaida inapokea jibu lililotangulia kufika. Mtu akichomeka ruta ya nyumbani kwenye swichi ya ofisi (kisanduku kinachounganisha kebo zote) ili simu yake ipate Wi-Fi, tayari kuna wagawaji wawili, na kila kompyuta inayowashwa upya inaingia kwenye bahati nasibu: ikijibiwa na ruta ngeni, inaelekezwa kwenye njia isiyotoka nje. Ndiyo maana zima-washa ilizidisha ugonjwa: ambayo haijazimwa bado imeshikilia anwani yake halali.

Hatua ya 1: Usizime kitu, soma anwani. Kaa kwenye kompyuta iliyokwama, fungua cmd (dirisha la kuandika amri la Windows), andika `ipconfig /all`. Fanya hivyohivyo kwenye iliyo nzima, kisha linganisha. Pale ofisini nzima ilikuwa na 192.168.10.114, iliyokwama 192.168.0.103. Hapo kesi imeshafunguka. Tazama pia mstari ulioandikwa DHCP Server: nzima ilisema 192.168.10.1, ambayo ni ruta kuu, na iliyokwama ilisema 192.168.0.1. Ofisini hakuna aliyeijua hiyo ya pili.

Hatua ya 2: Chukua namba ya MAC ya ruta ngeni, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kifaa cha mtandao huwa nayo. Ukiwa bado kwenye kompyuta iliyokwama, andika `ping 192.168.0.1` (kuiita ruta hiyo uone kama inajibu), halafu `arp -a` (kuorodhesha namba za MAC). Mbele ya 192.168.0.1 utaona tarakimu na herufi 12, mbilimbili. Sita za mwanzo humtaja mtengenezaji, kwa hiyo mara nyingi utajua unatafuta kifaa cha kampuni gani kabla hujainuka kitini.

Hatua ya 3: Fuata kebo. Kama swichi yenu ina ukurasa wa usimamizi, fungua jedwali lake la MAC, tafuta namba ile, utaoneshwa poti, yaani tundu la kebo. Poti hiyo ikiwa inaenda kwenye swichi nyingine, hamia huko urudie.

Swichi yetu ilikuwa ya kawaida, haina ukurasa wowote. Njia yake ni hii: acha `ping -t 192.168.0.1` inaendelea kwenye kompyuta iliyokwama, mtu mmoja akae anaangalia skrini, wewe nenda kwenye swichi uchomoe kebo moja, hesabu hadi tano, rudisha, nenda inayofuata. Usiguse kebo ya kompyuta yenye ping, itakudanganya. Tulipochomoa ya kumi na moja, dada wa mapokezi aliyekuwa akiangalia akaita, "Imekata!" Tukaifuata kebo ile ya bluu hadi stoo ya chini. Nyuma ya maboksi, ruta ndogo imebandikwa ukutani kwa selotepu, kebo imeingia poti ya LAN (ya mtandao wa ndani).

Hatua ya 4: Itulize, usiitupe. Vijana wa stoo walikuwa na shida ya kweli, Wi-Fi haikuwafikia. Ukiichukua tu, wiki ijayo wataleta nyingine. Ingia kwenye ruta hiyo, ipe anwani ya mtandao wa ofisi isiyo na mtu na iliyo nje ya zile zinazogawiwa, kwa mfano 192.168.10.250, zima DHCP yake, weka nywila mpya, kisha kebo ibaki LAN. Sasa inarusha Wi-Fi tu. Kwenye kompyuta zilizopotea andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`.

Hatua ya 5: Funga mlango. Swichi nyingi zenye ukurasa wa usimamizi zina DHCP snooping, ulinzi dhidi ya wagawaji wasio halali. Unaiwasha, unataja poti ya seva halali kuwa ya kuaminika, na ofa za DHCP kutoka poti nyingine zinatupwa. Poti zinazounganisha swichi na swichi kuelekea kwenye seva nazo zitaje. Ukizisahau, ghorofa nzima itakosa anwani.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, mimi nikisoma anwani naona 169.254. Huyo naye ni mgeni?*
Hapana ndugu. Hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kumjibu. Angalia kebo na taa ya poti kwanza. Kama viko sawa, huenda anwani zimeisha: ukigawa kuanzia .100 hadi .199 una 100 tu, na simu za wateja zinazimaliza haraka. Simu zipe mtandao wake na muda mfupi wa kushika anwani, saa mbili tatu zinatosha.

*Si bora niandike anwani kwa mkono kila kompyuta, niachane na DHCP?*
Kwa seva na printa, sawa, ingawa napendelea kuzitengea anwani ndani ya ruta kuu kwa MAC. Kwa kompyuta 30, usijaribu kaka. Siku kompyuta mbili zikigongana kwenye anwani moja utatafuta hadi jioni.

*Kwetu swichi nzima taa zinawaka kwa pamoja kama wazimu, hakuna anayepata kitu.*
Hilo ni jingine dada. Kuna kebo imechomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao uleule, data inazunguka bila kutoka. Chomoa mojamoja hadi taa zitulie. Anza na kebo zilizoguswa leo, hasa chini ya meza zilizofagiliwa au kuhamishwa asubuhi.